Siku Niliyombomoa Ami Yake Zuhura

Haya, nyinyi mnaoniuliza kila Ijumaa kwa nini sioi, leo nawaambia, na anayetaka kucheka acheke saa hii amalize, maana mimi mwenyewe mpaka leo sijaona cha kuchekesha.

Mnajua nilicheza Marekani, ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu na kugongana. Mwili ndio ulionipeleka (kwetu Kisauni mlangoni nilikuwa napita ubavu), kocha wa chuo cha kule akaniona, akaniweka mstari wa mbele wa ulinzi, na kazi ya mstari huo ni moja tu: unainama, mkono chini, mbele yako kuna jitu kama wewe, mpira ukitikisika tu unalibomoa upite umfikie yule anayerusha. Mpira wenyewe huushiki. Nikacheza chuo, nikacheza na kwa mshahara, halafu goti likaharibika, wakanifungasha virago bila hata ahsante, na katika viwanja vyote vile hakuna aliyewahi kuliita jina langu. Nikaishia huku Dubai, mlinzi wa jengo Al Jaddaf, sir na madam wananisalimia kwa kidevu.

Ndipo nikampata Zuhura. Kwao watu wa Unguja, lakini wamekaa Dubai tangu enzi za babu yao. Baba yake, Mzee Nassor, hakuwa na ubaya nami ila neno moja, aliuona ule mchezo kwenye simu akaingiwa na hofu. "Mwanangu nimpe mtu wa kupiga watu?" Zuhura akamsihi miezi, baba, huyu ni mpole, hata mbu humfukuza tu, mpaka mzee akalegea, akasema haya, waje kuposa.

Sasa posa mnaijua, msemaji ni mshenga. Muoaji kwa haki hata hatakiwi kuwepo, ila mzee alitaka kunitazama kwa macho yake, na mshenga wangu, Bwana Bakari, njia nzima mpaka nyumbani kwao Al Qusais alikuwa akiniusia, "Wewe kaa kama mtungi. Ukiulizwa, tabasamu. Mengine niachie."

Nikatabasamu vizuri tu, mpaka ami yake Zuhura, mtu mwembamba mpenda mizaha, akaniuliza, "Na huko Marekani ulifunga mara ngapi?"

Bakari akanijibia kwamba sikuwa mfungaji.

"Hata mara moja?"

"Hata moja."

"Ala! Sasa wakikulipia nini, bwana, kusimama?"

Sebule nzima ikacheka, na nyuma ya pazia wanawake wakacheka, na nina hakika Zuhura alikuwemo. Iliniuma, jamani. Goti langu limebaki kule, ujana wangu umebaki kule, kisha naambiwa nilikuwa nasimama! Ningenyamaza. Wallahi ningenyamaza, leo ningekuwa na watoto. Nikafungua mdomo, "Ngojeni niwaoneshe."

Bakari akanifinya paja, nikainuka vivyo hivyo. Nikasema nitaonesha taratibu, nusu ya nusu. Ami akajitolea kuwa adui, akachukua chungwa kwenye sahani ya matunda, tukakubaliana ndio mpira, akaliweka chini kati yetu. Nikainama, mkono kwenye zulia, kanzu mpya ikaanza kulia nyuzi. "Ami," nikamwambia, "usilisogeze mpaka niseme." (Mtu wa mizaha unamwambia asisogeze!) Akalitikisa, kidogo tu, anitanie.

Mimi sikuamua chochote, na hilo naomba mnielewe hata kama mzee hakunielewa. Wale makocha walinifundisha mpaka wakanitoa kufikiri kichwani, mpira ukitikisika mwili unakwenda wenyewe. Kanzu ikapasuka nyuma mpaka kiunoni (ndani bukta ya njano), ami akapaa juu ya sinia la halwa, akaliangusha dele la kahawa, akatua ukutani bega limeteguka, na mimi, Mola anisamehe, nikanyanyua ngumi juu na kupiga ukelele wa ushindi kabla sijakumbuka niko wapi.

Hakuna aliyecheka. Ami alikuwa akigumia, wanawake wametoka nyuma ya pazia wanamshika, na Mzee Nassor akasimama. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Huyu amekutania tu," akasema. "Siku mwanangu akikuudhi?"

Bakari, ambaye kusema ndiyo kazi yake, akainama kuokota halwa. "Khalas," mzee akamwambia, "mchukue mtu wako." Nikatoka kinyumenyume kama kaa, nikishikilia kanzu kwa nyuma, nikiomba radhi kwa kila kiti.

Kesho yake Zuhura akanipigia, sauti imemkauka kwa kulia. "Mimi sikuogopi," akaniambia. "Lakini miezi yote hiyo nimemsemea baba kwa ajili yako. Sasa nimwambie nini?" Kisha akakata simu. Ameshaolewa, Sharja, na mtu wa kimo cha kawaida.

Basi nimeapa. Mtu mwingine akiniuliza Marekani nilikuwa nikifanya nini, namwambia nilikuwa naosha vyombo hotelini, na mpaka leo hakuna aliyetaka nimuoneshe.