Dobi Asiyekopesheka

Mama yangu mkubwa ni dobi, na mtaani wanamwita Taslimu. Jina hilo alipewa na muuza sabuni, aliyembembeleza miaka nenda rudi achukue katoni nzima alipe kidogo kidogo. Kila mara mama mkubwa alinunua miche miwili, akahesabu pesa juu ya kaunta na kuondoka zake. Hajawahi kuwa na deni dukani wala kuchelewesha kodi. Akikosa pesa ya nyama tulikula mboga, na akikosa ya mboga alituambia tunywe uji tulale. Mimi nilikulia kwake baada ya mama yangu, ambaye ni mdogo wake, kufariki, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Kazi anaifanyia katika uwanja wa nyuma wa nyumba ya kupanga. Kuna kisima, mabeseni, kamba za kuanikia zilizovutwa ukuta hadi ukuta, na chumba kidogo chenye meza ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu. Haandiki jina la mteja popote. Anashona uzi ndani ya kola, kila mtu na rangi yake: mwalimu mkuu kijani, muuza dawa njano, na bwana mmoja wa mashati meupe, ambaye habari zake zinakuja, nyekundu. Viganja vyake vimeliwa na sabuni hadi vimekuwa kama gunzi la mahindi.

Mwenye nyumba alipofariki, watoto wake waliokuwa wakiishi mbali walikata kauli wauze. Nyumba ya mbele ilipata mnunuzi upesi. Uwanja wa nyuma ulikuwa na hati yake peke yake, na mtoto mkubwa wa marehemu akamjia mama mkubwa kwa adabu.

"Mama, wewe umekaa hapa kuliko sisi. Mirathi ikimalizika mahakamani tutauza. Ukiwa na pesa, pako. Ukikosa, utuwie radhi, tutampa mwingine."

Mama mkubwa alikuwa na theluthi mbili za bei. Nasema theluthi mbili, kwa kufua nguo za watu. Sisi ndugu tulichangishana tukapata kiasi cha kununulia mlango. Kilichobaki kilikuwa lazima kikopwe, na mwanamke ambaye hajawahi kuomba hata chumvi kwa jirani akavaa gauni lake la kwendea harusi, akaniambia nimsindikize benki. Njiani akaniuliza kama mtu anayekopa huanza na salamu au husema shida yake moja kwa moja.

Ofisa wa mikopo alikuwa binti mpole mwenye kucha ndefu. Aliingiza namba ya kitambulisho, akasubiri, akakunja uso.

"Mama, huonekani."

"Sionekani vipi, mwanangu, na nimekaa mbele yako?"

"Kwenye mfumo. Hujawahi kukopa mahali popote. Huna historia."

"Sijakopa kwa sababu nalipa papo hapo."

"Nakuelewa, mama. Ila kompyuta haiwezi kujua kwamba unalipa madeni mpaka uwe na madeni."

Nikasema uwanja wenyewe si utakuwa dhamana, akishindwa wauchukue. Binti akajibu kwamba dhamana inakuja baadaye, kwanza alama za mkopaji, zinazotokana na madeni aliyowahi kulipa. Akaongeza kwamba si wao peke yao, dunia nzima ndivyo inavyokwenda.

Na hakutia chumvi. Jioni ile mtoto wa mama mkubwa, anayefanya kazi ughaibuni kwenye kiwanda cha samaki, alitupigia simu akasema kwamba huko asiye na kadi ya mkopo hapangishiwi hata chumba. Watu wanatembea na kadi nne, tano, moja ya kulipia nyingine. Viatu vinauzwa kwa awamu. Kuna mwenzake kazini ambaye bado analipia likizo ambayo hakumbuki hata alikwenda wapi. "Mama, huku deni ndilo kitambulisho," alisema, na wala hakuwa anatania. Hapa kwetu pia wakopeshaji wameshafika. Mlangoni pa supamaketi pameketi vijana wenye fulana za rangi moja, wanagawa fomu za kadi na mwavuli wa bure. Simu inakukopesha hujaiomba. Sina ugomvi na anayekopa, kila mtu anajua kinachomsukuma. Kinachonikera hadi nikose usingizi ni kwamba asiyekopa amegeuzwa mtu wa kutiliwa shaka.

Kabla hatujatoka benki siku ile, binti alikuwa ametupa ushauri. "Chukua kadi, mama, ina kikomo kidogo tu. Kaa nayo miezi sita, alama zitaanza kuonekana, kisha urudi." Kwenye fomu palikuwa na sehemu ya barua pepe. Mama mkubwa hana. Binti akamtungia moja palepale, jina lake na tarakimu mbili tatu, ili kompyuta ikubali kuendelea mbele. "Ni utaratibu tu," alisema.

Mama mkubwa aliifunga ile kadi kwenye leso, akaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo, na hakuigusa tena. Kwake mtihani ulikuwa wazi kabisa: benki imekuwekea pesa yake mkononi ione kama utaila. Pasi ilipoungua alimlipa jirani atumie ya kwake mpaka nilipoitengeneza. Mashine ya kukamulia maji, ambayo ameitamani tangu mgongo wake uanze kuuma, ilikuwa ikiuzwa dukani karibu na kituo. Aliipita kila siku bila kugeuza shingo. "Wataona wenyewe," aliniambia kwa fahari. "Hata senti moja sijaigusa." Ungemwuliza mtu yeyote wa nyumba yetu, angefanya vivyo hivyo.

Miezi sita ilipokwisha tulirudi, gauni lilelile la harusi, meza ileile. Binti akatazama kioo cha kompyuta muda mrefu.

"Mama, mbona una deni lililochelewa?"

"Deni la nini?"

Lilikuwa ada ya mwaka ya kadi. Siku ileile aliyokabidhiwa, benki ilijikatia ada yake kutoka kwenye kadi yenyewe, ikahesabu kwamba mama mkubwa amekopa. Hakulipa, basi ikaja faini ya kuchelewa. Riba ikapigwa juu ya ada, kisha juu ya faini. Jina lake likapelekwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu, mwanamke huyu ambaye muuza sabuni anamcheka kwa kutokopa. Taarifa zote zilitumwa kwenye barua pepe, ile iliyotungwa mezani pale, ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuifungua. Na kwenye simu pia, binti akasisitiza. Tukatazama simu. Kweli zilikuwemo, zimefukiwa katikati ya ujumbe mwingine wa benki hiyohiyo unaokuja asubuhi na jioni: kopa sasa, umechaguliwa, usikose nafasi hii. Mama mkubwa alikuwa ameshaacha kuusoma, kama unavyoacha kumfungulia mlango mchuuzi anayebisha kila siku.

Nikaingilia.

"Dada, yaani anadaiwa kwa kuwa na kadi ambayo hakuitumia?"

"Ndiyo, kaka. Angeitumia akalipa, ingekuwa nafuu kwake."

"Na hiyo barua pepe nani aliiandika?"

Binti akainamia kucha zake. Sauti yangu ilikuwa imepanda, mlinzi akaanza kusogea, na mama mkubwa akanifinya paja chini ya meza kama alivyokuwa akinifinya nilipokuwa mdogo. Kisha akafungua mkoba, akahesabu pesa, akalipa ada, faini, riba na riba ya faini, vyote kwa mara moja.

"Sasa nimetakata, mwanangu?"

"Deni limeisha, mama. Lakini kumbukumbu ya kuchelewa inabaki. Miaka mitano."

Mtu anayejipatia riziki kwa kutoa madoa aliambiwa hivyo, naye akasema asante. Mimi sikusema asante. Mpaka leo sijasema.

Sasa yule bwana wa mashati meupe. Mtaani anaitwa Bwana Kesho, kwa sababu ukimdai ndilo jibu utakalopata. Muuza dawa anamdai, fundi cherehani anamdai, na mama mkubwa anamdai ufuaji wa miezi na miezi. Ila benki zinampenda kufa. Ana kadi tatu. Ya pili inalipa ya kwanza, ya tatu inalipa ya pili, kwa hiyo kwenye kompyuta zao hajachelewa hata siku moja. Gari ni la mkopo, makochi ya mkopo, runinga ya mkopo. Deni la dobi haliingii kwenye kompyuta.

Alisikia kwamba mirathi imekwisha na mama mkubwa amekosa pesa. Akaenda benki ileile. Haikufika hata wiki, akapewa bei yote ya uwanja, kwa dhamana ya uwanja wenyewe, ileile tuliyoitaja sisi tukaambiwa inakuja baadaye. Alikwenda kutia saini akiwa na shati jeupe lililonyooshwa vizuri na mama mkubwa, ambalo hadi leo hajalilipia.

Jioni ile akaingia uwanjani, mikono mfukoni, akatembea katikati ya kamba akiinama kupita chini ya mashuka ya watu.

"Mama, ondoa wasiwasi. Sikufukuzi. Bila wewe mambo yangu hayaendi."

Kisha akataja kodi mpya. Ilikuwa zaidi ya maradufu.

"Mbona nyingi hivyo, bwana?"

"Sikufichi kitu, mama. Ndiyo rejesho la benki la kila mwezi. Wewe unanipa mimi, mimi nawapa wao."

Alilisema bila haya wala ubaya wowote, kama mtu anayekueleza njia ya kufika sokoni, na hapo ndipo nilipotamani kumzamisha kwenye beseni la maji ya bluu.

"Na hela yangu ya mashati?"

"Hiyo tutaongea kesho."

Nilimwambia mama mkubwa ahame. Nilimtafutia hata uwanja upande wa pili wa mji. Aliniuliza kule maji yanatoka wapi, na kama nadhani mwalimu mkuu atapanda gari kupeleka suruali zake kufuliwa. Siku iliyofuata akajikaza kisabuni kama kawaida yake, kisha akamwita Bwana Kesho, akampa sharti moja.

"Kodi nitalipa. Ila mkononi sikupi. Nitaipeleka benki mwenyewe, niiingize kwenye mkopo wako. Ukiishika wewe italiwa, na uwanja utanadiwa na mimi nikiwa ndani."

Bwana Kesho alikubali harakaharaka. Alikuwa amepunguziwa safari.

Basi tangu hapo kila mwezi, kabla ya tarehe, mama mkubwa anakwenda benki. Kufua peke yake hakutoshi kodi hiyo, kwa hiyo anajazia kutoka kwenye zile theluthi mbili alizoweka za kununulia uwanja. Zinapungua mwezi hadi mwezi, na uwanja unazidi kuwa wa mwingine. Nikimweleza hivyo ananiambia anajua, nisimhesabie.

Mwezi uliopita nilimsindikiza. Kijana wa dirishani alipokea pesa, akagonga gonga kompyuta, akatabasamu.

"Huyu mteja ni mlipaji mzuri sana. Hajachelewa hata mara moja. Mwambie benki imemwongezea kikomo, aje achukue zaidi."

"Nitamwambia," mama mkubwa alijibu.

Alikuwa ameshapewa risiti yenye jina la Bwana Kesho, lakini hakuondoka dirishani. Akatoa kitambulisho chake, akakisukuma chini ya kioo.

"Hebu nitazamie na mimi, baba."

Kijana akaingiza namba. Tabasamu likamtoka polepole, na akashusha sauti ili walio nyuma yetu wasisikie.

"Samahani, mama. Wewe hapa inaonyesha hulipi."

Mama mkubwa alirudisha kitambulisho kwenye mkoba, akaniambia twende, mashuka yapo kwenye kamba na jua linazama.