Nyumba Bila Ardhi: Kutoka Tanga hadi Majengo ya Mombasa

Mwezi wa Julai mwaka 1993 nilipokea barua ya shangazi yangu, Bi Saada, anayekaa Majengo, kisiwani Mombasa. Ilikuwa fupi. Ilisema kiwanja kilicho chini ya nyumba yake kimeuzwa, mnunuzi amempa notisi ya kuondoka mwisho wa mwezi, na katika ukoo wote uliobaki hai ni mimi tu ninayejua kusoma karatasi za serikali. Niende nikamsomee, kisha tujue la kufanya.

Nilikuwa na sababu ya pili, na wenzangu wa darasa la jioni hapa Ngamiani, Tanga, mnaijua. Kwa miezi mingi tulikuwa tukibishana: kati ya nchi yetu, iliyopata uhuru mwaka 1961, na Kenya, iliyoupata mwaka 1963, ipi imefika mbali zaidi? Wengi wenu mlikwisha kukata shauri. Mlisema wenzetu wametuacha, na sisi tulimaliza ujana wetu kwa kusikiliza hotuba. Sikukubali, lakini sikuwa na ushahidi. Mimi niliishia darasa la nne. Mengine nimeyasoma peke yangu, na nimezoea kutoandika jambo kabla sijaliona. Nilinunua daftari, nikagawa kila ukurasa sehemu mbili, moja "Kwetu", nyingine "Kwao".

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Tanga. Hadi Horohoro ni vumbi tupu, na madaraja mawili tuliyavuka kwa miguu, basi likitufuata nyuma. Mpakani afisa wa upande wetu aliuliza nakwenda kufanya nini Mombasa. Nikamjibu nakwenda kumwona shangazi. Akasema kila abiria huenda kumwona shangazi, na kila shangazi hutoa mafuta ya kupikia. Tulipovuka tu, Lungalunga, lami ikaanza. Niliandika: "Kwao, lami kuanzia mpakani." Mfanyabiashara aliyekaa nyuma yangu alichungulia daftari akaniambia niandike na aibu yetu pia. Nilimjibu kwamba nimekuja kuandika barabara. Aibu aiandike mwenye nayo.

Saa nane mchana tulikuwa Likoni. Feri ilivusha malori, mikokoteni na watu kwa pamoja, na kwa muda mfupi nikawa kisiwani. Nilipanda gari hadi Mwembe Tayari, nikamalizia kwa miguu. Maduka yalikuwa yamejaa bidhaa hadi nje ya milango. Sitawaficha: nilisimama mbele ya duka moja la sabuni kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Shangazi nilimkuta barazani akichambua mchele. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za Tanga mtu mmoja mmoja, walio hai na waliokufa, kabla hajanitolea ile karatasi. Nyumba yake ina vyumba sita na ukumbi katikati. Kuta ni za fito na udongo zilizopigwa lipu, boriti ni za mikoko, juu mabati. Ilijengwa na marehemu mumewe, aliyekuwa kuli bandarini, kabla ya uhuru.

Nisipoeleza desturi moja ya Mombasa hamtaelewa yaliyofuata. Huko mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine. Hulipa kodi ya ardhi maisha yake yote, hurithisha watoto nyumba, hupangisha vyumba, lakini mchanga ulio chini haumhusu. Huitwa nyumba bila ardhi. Mwenye kiwanja akikitaka, mwenye nyumba huondoka na alichokijenga: mabati, boriti, milango. Asichowahi kukiondoa hadi siku ya notisi huhesabiwa kuwa cha mwenye kiwanja. Notisi ya shangazi ingekwisha Jumamosi, tarehe thelathini na moja. Nilikuwa nimefika zikiwa zimebaki siku nne.

Nilimwambia jambo hili haliwezekani. Mtu aliyekaa mahali zaidi ya miaka thelathini ana haki. Kwetu ardhi ni ya umma, wala haiuzwi.

"Ya umma," alisema. "Huyo Umma wamjua nyumba yake? Akikutoa, utakwenda kupiga hodi wapi?"

Nilianza kumweleza. Akanikatiza. Alisema mwaka ule wa uhuru wao alisimama karibu na Ngome akatazama bendera nyekundu ya Sultani ikishushwa, akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. "Bendera ikabadilika. Mwezi uliofuata akaja kuchukua kodi ya ardhi yule yule. Na nyinyi mlipewa nchi nzima, mkakosa sabuni ya kunawia. Nani alikuwa akiwaletea?"

Ni kweli. Mpaka wa nchi hizi mbili ulipofunguliwa tena baada ya miaka ya kufungwa, ni yeye aliyetuletea vipande vya sabuni vilivyofungwa ndani ya kanga. Nikaandika hilo pia.

Jumatano asubuhi nilikwenda ofisi ya chifu. Hapo nilifanya kosa ambalo mtu wa nchi yetu tu ndiye angelifanya. Niliingia, nikamwita karani "Ndugu", nikamwomba anielekeze kwa balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule, ili aitishe kikao cha wakazi na jambo la Bi Saada lijadiliwe. Karani alinitazama, akawaita wenzake wawili waje wasikilize, akaniomba nirudie. Nikarudia neno kwa neno. Hawakunitukana, mmoja alinipa hata kiti. Walicheka kama watu wanaomsikiliza babu akiuliza bei za zamani.

Kisha karani alisema kwa upole: "Mzee, huku ardhi ina karatasi, na karatasi ina jina. Jina la shangazi yako limo?"

Nilisema halimo. Akasema basi hata vikao mia haviwezi kuliingiza. Alinionyesha kwenye notisi mstari mmoja nilioupita haraka: kilicho juu ya ardhi ni cha Bi Saada hadi Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Nilimshukuru. Ndani ya daftari, upande wa "Kwao", niliandika maneno yake kama alivyoyasema. Upande wa "Kwetu" nilikaa na kalamu mkononi, nisipate la kuweka.

Adhuhuri wakala wa mnunuzi alikuja, mtu wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisalimia kwa adabu zote za Mombasa, akauliza afya za watu wasiokuwapo, kisha akasema mnunuzi ana huruma: Bi Saada aiache nyumba kama ilivyo, apewe kitu kidogo cha kumsaidia. Kuibomoa ni kazi ya vijana, na yeye ni mtu mzima. Nilielewa. Walitaka nyumba isimame. Jumapili wangeingiza wapangaji wao, kodi ya vyumba ikaanza kwenda kwa mtu ambaye hajapigilia hata msumari mmoja.

Shangazi alimkaribisha kahawa. Alipokwisha kunywa akamwambia, "Mwambie mwenyewe, ardhi ni yake, nami simzuii. Jumamosi atapata mchanga wake wote. Nitamfagilia."

Wakala alipotoka nilimuuliza shangazi tutazipeleka wapi boriti za nyumba nzima. Alikuwa amekwisha kuwaza. Mji wa Kale, katika kichochoro cha Kibokoni, kuna nyumba ya mawe ya ukoo wa marehemu mumewe, wakfu, isiyoweza kuuzwa. Paa liliporomoka zamani na imebaki gofu. Kuta zimesimama, milango hakuna. Hakukosa ukuta wa kuegemea, alisema. Kilichokosekana ni paa na mlango, na hivyo alikuwa navyo.

Jioni hiyo nilijuana na mpangaji wake, Musyoka, Mkamba, karani wa ghala huko Shimanzi, aliyekaa chumba cha mbele kwa miaka kumi na moja. Yeye ndiye aliyekuwa akimsomea na kumwandikia shangazi barua, lakini ile ya notisi alikataa kuisoma, akamwachia wakala aitamke mwenyewe. Alisema hakutaka sauti yake ndiyo imwambie. Nilimuuliza, kwa ajili ya daftari, uhuru umewapa nini. Alijibu kwamba baba yake alikaa kizuizini enzi za Waingereza kwa ajili ya ardhi. "Alitoka akapewa heshima. Mimi mwanawe napanga chumba kwa mama asiye na ardhi, na kesho kutwa mama mwenyewe hana chumba. Hebu andika hilo, nione utaliweka upande gani."

Alhamisi alfajiri nilikwenda naye Shimanzi kutafuta lori. Maghala yamepangana kama mitaa, makontena yamepandana, na malori ya Uganda na Rwanda yanangoja zamu. Nilikumbuka bandari yetu ya Tanga, ambako unaweza kumsikia mlinzi akikohoa upande wa pili. Hilo nililiandika bila kulipunguza. Musyoka alimwendea dereva mmoja wa kampuni anayofanyia kazi, wakanong'onezana Kikamba, na tukaahidiwa lori Ijumaa baada ya sala.

Saa tatu tulikuwa tumerudi, na fundi Katana, aliyeitwa na shangazi, alikuwa amefika. Ni Mgiriama, fundi wa kutengeneza mashua Liwatoni, anayejua mbao ipi imechoka kwa kuigonga tu. Alisema nyumba hubomolewa kwa fujo na kujengwa kwa majuto, isipokuwa mtu ajue kila kipande kilikaa wapi. Nilichukua chaki. Nilianza mlango mkubwa, moja. Miimo yake, moja A na moja B. Komeo, moja C. Nikaingia ukumbini, nikapanda ngazi, nikaziandika boriti kutoka mashariki kwenda magharibi, na katika daftari nikachora zilipolala. Hapo ndipo mistari yangu ya "Kwetu" na "Kwao" ilipokatwa, maana kurasa zilihitajika.

Shangazi alinitazama kwa muda. Akaniuliza nimejifunza wapi kazi hii.

Ningeweza kusema ni ukarani nilioufanya katika shamba la mkonge. Nilimwambia ukweli, na ninyi nawaambia, ingawa baadhi yenu mnaujua. Mwaka 1974 niliajiriwa kwa muda kwenda Handeni kuandika kaya zilizokuwa zikihamishiwa vijiji vipya. Nilikuwa na meza na daftari. Watu walileta milango yao mgongoni, nami niliiandika: jina, idadi ya watu, mlango mmoja. Kuna waliofika bila mlango kwa sababu nyumba ilichomwa ili wasirudi. Niliandika "hakuna". Nilikuwa na imani, na bado naamini kwamba shule na visima vilivyojengwa baadaye ni vitu vya kweli. Mimi mwenyewe nimefundisha watu wazima kusoma katika vijiji hivyo. Lakini hakuna hata mmoja niliyemuuliza kama anataka kuhama. Haikuwa kwenye fomu.

Fundi Katana aliacha kugonga.

"Basi leo mwenye nyumba mwenyewe amekuomba," alisema shangazi. "Panda ngazi."

Ijumaa tulishusha mabati asubuhi, tukaenda kusali, tukarudi kupakia. Majirani walikuja bila kuitwa. Wanawake walitoa misumari kwenye mbao, wakainyoosha kwa mawe na kuitia kwenye makopo. Mwanamke mmoja alimtania shangazi kuwa amepata mume mpya wa Tanga, asiyejua kitu ila kuhesabu. Shangazi akajibu kuwa angalau huyu anajua idadi ya milango, yule wa kwanza alikuwa akipotea hata akirudi mchana. Lori lilikwenda Mji wa Kale mara tatu. Mwisho wa barabara vichochoro havipitishi lori, kwa hiyo kila boriti ilibebwa mabegani hadi Kibokoni, na watu waliokuwa barazani walisimama, wakashika ncha, wakasaidia hatua kumi, wakampokeza mwingine.

Jumamosi saa kumi jioni wakala alikuja na watu wawili na kufuli jipya. Alikuta udongo wa kuta umelundikwa pembeni, na pale palipokuwa na vyumba sita pamefagiliwa hadi alama za ufagio zinaonekana. Bi Saada alikuwa amesimama katikati, ufagio mkononi. Alimpa mkono, akamuaga, akapita. Wakala alibaki ameshika kufuli lake, hana mlango wa kulitia.

Usiku ule shangazi na Musyoka walilala Kibokoni chini ya mabati ya vyumba viwili. Vingine fundi Katana alivimaliza Jumanne, nami nilikuwapo. Nilimwomba shangazi aje Tanga. Alikataa. Alisema atakuja kututembelea siku tutakapokuwa na sabuni yetu wenyewe.

Jumatano nilirudi kwa njia ile ile, lami kisha vumbi. Mmeniuliza jibu, na sitawapa lile mnalolingoja. Wametupita kwa barabara, kwa bandari na kwa maduka. Anayekana hilo ni mwongo. Hawakutupita kwa idadi ya watu wanaojisomea barua zao, na hilo nalo sikubali mtu alicheke. Lakini sitashindanisha nchi mbili kama timu za mpira nikatangaza mshindi. Wao walipata uhuru wakaiacha ardhi kwa mwenye karatasi. Sisi tulipata uhuru tukaipa serikali. Mjane wa Majengo alipewa siku thelathini; mkulima wa Handeni alipewa asubuhi moja. Nimetafuta, katika nchi zote mbili, ni wapi mwenye nyumba alisikilizwa kwanza. Nimepaona mahali pamoja tu, nikiwa juu ya ngazi na chaki mkononi, na aliyenipandisha huko alikuwa mwenye nyumba, si serikali.

Nasikia mtaa wetu utapimwa viwanja kabla ya mvua za vuli, na kwamba wanatafuta karani mwenye mwandiko mzuri. Wamekwisha kuleta ujumbe kwangu. Nimewajibu kwamba nitaandika, kwa sharti kwamba fomu iongezwe mstari mmoja wa kuuliza kama mwenye nyumba anakubali, na kwamba mstari huo ujazwe na mwenye nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Wakikataa, nitakuwa nimekaa barazani kwangu nikiwasubiri, kama mkazi.