Mlango wa Goti

Mtaa mzima ulimwita Waya, kwa kuwa kila kilichovunjika alikifunga kwa waya, naye jina hilo alilichukulia kuwa sifa. Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya vifaa, lakini moyoni alijiona fundi wa kila kitu, hata wa vitu ambavyo havijaharibika. Usidhani alikuwa bahili. Bahili ukimpunguzia bei analegea; huyu alikuwa na kiburi. Neno "fundi" hakuwahi kumpa mtu mwingine, na mwenye sanduku la vifaa hakuvuka kizingiti chake.

Basi nyumba ikawa haikaliki bila mafunzo. Bomba la jikoni lilifunguliwa kwa koleo. Taa ya sebuleni iliwaka ukigonga ukuta, tena si popote, chini kidogo ya kalenda. Na mlango wa bafuni, ambao kitasa chake alikifunga juu chini, ulitaka mikono yote miwili ishike ubao huku goti likiinua kitasa. Mkewe alishazoea. Goti lake la kulia lilikuwa na sugu.

"Mama anakuja Jumamosi," mkewe alimwambia. "Nyumba hii ikimwaibisha, naondoka naye. Sitanii."

"Ondoa shaka," alisema Waya, akaenda kuuongezea mlango waya.

Jumamosi mke alikwenda sokoni, mama mkwe akaingia bafuni. Haukupita muda, mlango ukaanza kugongwa kutoka ndani.

"Mkwe, mlango umegoma!"

Waya alisimama koridoni, jasho likimtiririka. Mama mkwe anaambiwaje ainue goti?

"Mama, samahani sana. Shika mlango kwa mikono miwili, halafu, shikamoo mama, nyanyua mguu kidogo."

Kitasa kikatikisika.

"Mguu gani, baba?"

"Wa kulia, mama. Kwa heshima zote."

Kikasikika kishindo, kisha sauti kutoka sakafuni. "Mwite fundi."

"Mama, fundi ni mimi."

"Nimesema mwite fundi!"

Waya alitoka hadi kona, kwenye kibanda cha fundi vitasa na mabomba, akamwashiria kwa kidole bila kufungua mdomo. Fundi alikuja, akakigeuza kitasa, akatupa waya kwenye ndoo. Mama mkwe alitoka akichechemea. Alimshukuru fundi aliyekuwa akienda zake, lakini mkwewe hakumtazama hata kidogo.

Mke aliporudi alikwenda kunawa. Alishika mlango kwa mikono miwili, akainua goti kama kawaida yake, na mlango ukafunguka wenyewe, akaingia bafuni kwa kichwa. Akainuka. Akaufunga mlango kwa kidole kimoja, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akalia, si kwa maumivu ya kuanguka bali kwa hasira ya miaka yote ile.

"Sanduku lako la nguo liko wapi, mwanangu?" mama yake aliuliza.

Mke alijifuta machozi, akamgeukia mumewe. "Bomba la jikoni," alisema. "Leo. Na si wewe."

Waya alitoka mbio, ndala mguu mmoja. Fundi alikuwa keshafunga kibanda chake na kupanda baiskeli.

"Wewe!" Fundi hakugeuka.

"Kaka! Kaka wee!" Waligeuka wauza duka, kinyozi na wateja wake, wote wakimjua vizuri. Baiskeli ikazidi kwenda.

Waya akatazama nyuma. Mlangoni kwake mama mkwe alikuwa keshatoa sanduku nje.

"Fundi!" akapiga ukelele. "Fundi, nakuomba!"