Mpira wa Mtu Mwingine

Mpwa wangu anacheza gofu siku hizi, na amenunua kitabu. Kitabu kizima, jamani, cha kumfundisha kutuliza akili kabla ya kupiga mpira! Funga macho, vuta pumzi, waza maji yaliyotulia. Aliponisomea ukurasa wa kwanza nilimwambia akipeleke hicho kitabu msalani, huko kitafaa. Akacheka, akadhani mzee anatania. Sikuwa natania. Mimi nilishawahi kutuliza akili nikiwa na fimbo ya gofu mkononi, siku moja tu maishani mwangu, na siku ile sijaisamehe.

Nilikuwa kedi. Kwa asiyejua, kedi ni mtu anayembebea mchezaji begi la fimbo kutoka shimo la kwanza mpaka la kumi na nane, anamtafutia mpira vichakani, na kumnong'oneza aupige vipi. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kwisha. Nilikaa mtaa wa Shauri Moyo, chumba kimoja cha kanjo, yaani cha baraza la jiji, mimi na mke wangu na watoto wanne, na kila alfajiri nilikata mji kwa miguu hadi kilabuni, upande wa pili kabisa. Mvua ikinyesha wenye fimbo hawaji, na wasipokuja, kedi halipwi. Tena goti langu la kulia lilikuwa limeanza kuvimba. Jioni mke wangu alilikanda kwa maji moto na chumvi, akilipima kwa shubiri kila siku, na huko kupima kwake ndiko kulikonitia hofu.

Basi mwaka huo mwalimu wa gofu pale kilabuni akatangaza kwamba anataka msaidizi. Mtu wa mshahara wa mwezi, wa kufungua duka la fimbo asubuhi, kufundisha wanaoanza, na kuamua kedi yupi abebe begi la nani. Mtu huyo angepatikana kwa mchezo. Jumatatu wenye kilabu hawachezi, uwanja unakuwa wetu makedi. Tungeshindana Jumatatu mbili, na atakayemaliza zote mbili kwa mapigo machache kuliko wengine ndiye anayeacha kubeba. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne na goti bovu. Nafasi nyingine kama hiyo ingetoka wapi?

Nilikuwa napiga mpira kuliko wote pale. Sijisifu, waulizeni waliobaki hai. Shida yangu ilikuwa hasira. Mpira ukienda kombo nilichemka, na nikichemka niliharibu mashimo matatu mengine kabla sijapoa. Wenzangu walijua, wakanichokoza makusudi.

Aliyejua zaidi ni jirani yangu. Naye alikuwa kedi, tena chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta mmoja, nikisikia redio yake hata nisipotaka. Yeye mtu wa Ukambani, mimi wa Magharibi. Tulianza kazi mwaka mmoja na zamani tulitembea pamoja kwenda kilabuni. Mtu mtaratibu, wa tabasamu na wa kwaya. Sasa, nilikuwa na daktari mmoja niliyembebea kila Jumamosi, mlipaji mzuri, asiyetukana mtu. Jirani akamwendea akamwambia, "Daktari, yule jamaa ana kichwa moto. Siku moja atakutandika na fimbo yako mwenyewe." Daktari akacheka. Jumamosi iliyofuata nikaliona begi lake liko begani kwa jirani.

Sikumsemesha tena. Miezi minane! Tukikutana kwenye mfereji nilitazama ndoo yangu mpaka ijae. Na kilichoniudhi zaidi ni wake zetu, waliendelea kuombana chumvi na kusukana nywele mlangoni, wakicheka kana kwamba hawaoni kwamba hapa kuna vita.

Jumatatu ya kwanza nilijiharibia kama kawaida. Kwenye shimo la tano mpira ukagonga mzizi ukarudi nyuma, nikairusha fimbo juu ya mti, ikanasa. Ikabidi nipande, mtu mzima, baba wa watoto, natafuta fimbo kwenye matawi. Jirani alikuwa amesimama chini. Akaniambia, "Pole, ndugu." Pole! Nilitamani kuruka nimwangukie. Jioni nilikuwa nyuma yake kwa mapigo manne, na wengine wote wako mbali nyuma yetu.

Nilifika nyumbani nikapiga teke kiti. Mke wangu akakiinua, akakikalia.

"Hebu niambie," akasema, "daktari akipiga mpira ovyo, wewe unakasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Mpira si wangu."

"Unafanya nini?"

"Namwambia tulia, bwana, fimbo ndogo, taratibu. Tunaendelea."

"Basi na huo wako ufanye si wako. Mbebee mtu."

Nikamwambia aache upuuzi. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilitoka uani kabla watoto hawajaamka. Nilikuwa nimefukia kopo la maziwa kwenye udongo pale uani, hilo ndilo lilikuwa shimo langu la mazoezi. Nikaweka mpira. Nikajisemea kwa sauti ya chini, ile ya kazini: "Kulia kidogo, bwana. Taratibu." Ukaingia. Nikajaribu tena, ukaingia. Wiki nzima nilimbebea yule bwana asiyekuwepo. Akikosa nilimwambia pole, tuendelee. Majirani walidhani nimerukwa na akili, potelea mbali.

Jumatatu ya pili ikafika, na nasema kweli, sijawahi kucheza vile, wala sitacheza tena. Katibu wa kilabu, mzungu mzee aliyewahi kuwa jeshini, alitembea nasi wawili tangu shimo la kwanza kuangalia sheria. Sikumwona. Jirani sikumwona. Nilipiga mpira nikaokota begi na kutembea, nikimnong'oneza bwana wangu. Kwenye shimo la tisa mpira ukatumbukia majini, na moyo wangu haukushtuka hata kidogo. Nikamwambia, "Yametokea, bwana. Chukua mwingine." Yale mapigo manne yakayeyuka moja moja, na tulipofika shimo la mwisho nilikuwa mbele yake kwa pigo moja.

Nikalimaliza shimo hilo kwa mapigo manne. Nikautoa mpira wangu shimoni, nikasogea pembeni. Yeye alikuwa amepiga mawili, na mpira wake umekaa kwenye majani mafupi, hatua tano kutoka shimoni. Akiuingiza kwa pigo moja, tunakuwa sare, tunarudia kesho yake. Akihitaji mawili, kazi ni yangu. Na mahali pale palikuwa na mteremko wa uongo, macho yanakuambia kulia na mpira unakwenda kushoto. Mimi niliujua kwa miaka. Yeye alikuwa anausoma vibaya kila siku.

Akachuchumaa nyuma ya mpira, kama wanavyochuchumaa mabwana.

Na mimi, mjinga mkubwa, miguu ikanipeleka. Sikuifikiria. Mtu akichuchumaa, kedi anakwenda nyuma ya bega lake, ndiyo kazi, miaka kumi na tatu ndiyo kazi. Nilikuwa nimetulia mno, sikuwa na adui, sikuwa na goti wala watoto. Nilikuwa kedi tu, na mbele yangu kuna mpira usiokuwa wangu. Nikainama nikamnong'oneza sikioni:

"Usiamini macho. Kulia kwa shimo, vidole viwili. Taratibu."

Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia baada ya miezi minane.

Naye alikuwa amezoea kutii, akapiga pale pale nilipomwambia. Mpira ukapinda, ukaingia.

Ndipo nilipozinduka. Ala! Nimefanya nini? Na si sare tu iliyonitisha. Sheria ya gofu inasema ukimwelekeza unayeshindana naye, unaongezewa mapigo mawili. Mawili yangeniua.

Katibu akatukaribia. Alikuwa amesimama mbali kidogo na masikio yake hayakuwa mazuri. "Nani nasema kitu?" akauliza kwa Kiswahili chake kile cha kuamrisha wapishi. "Mimi naona mdomo nacheza."

Kabla sijafungua kinywa, jirani akajibu. "Hapana, bwana. Alikuwa anasafisha koo tu."

Akanitazama. Nikayaona macho yake, na ndani yake mlikuwa na huruma. Ananihurumia mimi! Aliyenichukulia daktari, aliyenipa pole chini ya mti, sasa ananipa na kesho. Ningeinamisha kichwa tu, kesho tungerudia, na ningemshinda, naapa ningemshinda. Lakini ningefungua lile duka kila asubuhi nikijua ni yeye aliyenipa ufunguo. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Utulivu wote wa wiki nzima ukaondoka mara moja, nikajisikia mwenyewe tena.

"Mwongo huyu," nikasema. "Nilimwelekeza. Nilimwambia apige vidole viwili kulia."

Katibu akavua kofia. Akanipa mkono, mbele ya makedi wote waliokuwa wakitungoja pale, akasema huyu ndiye mtu wa kweli. Kisha akaandika mapigo yangu mawili, na jirani akapata kazi. Miaka mingi baadaye wazee wa pale kilabuni walikuwa bado wananionyesha kwa wageni: huyo, mnamwona huyo, ndiye aliyejishtaki mwenyewe. Niliwaacha waseme. Ukweli gani? Nilimchukia tu. Angenyamaza yeye, mimi ningedanganya mpaka Katibu achoke.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu yote. Alikuwa ameshachemsha maji ya goti. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema kwa sababu ni kweli," akauliza, "au kwa sababu ni yeye?"

"Kwa sababu ni yeye."

Akayamwaga yale maji mlangoni. Ng'ambo ya ukuta watu walikuwa wamejaa, wanaimba nyimbo za shukrani. Akajifunga kanga vizuri, akaenda kuwapa hongera, na aliporudi aliniambia neno moja tu, nisichelewe kazini.

Sikuchelewa. Saa kumi na mbili unusu asubuhi nilikuwa mlangoni pa lile duka, kofia mkononi, nachechemea, namngoja afungue anipe begi la kubeba.