Kusubiri "Ila"

Muuguzi Fortunata alizaliwa kijiji cha Kate, na mtu wa Kate hata nyumba ikiungua atakwambia habari ni nzuri. Kwanza nzuri, kisha "ila", na baada ya ila ndipo moto wenyewe.

Kwa miaka mingi, kwenye chumba cha dharura cha hospitali moja mjini Sumbawanga, aliwapokea wagonjwa chapuchapu: habari, nzuri, kaa pale. Mpaka siku Mzee Wilibrodi alipojibu "nzuri", akaonyeshwa benchi, akazimia papo hapo. Walimwokoa kwa mbinde.

Kwenye kikao cha kutathmini huduma, kila mtu alitaja upungufu: oksijeni, vitanda, watumishi. Yote kweli. Fortunata akasimama.

"Mzee hakumaliza kusalimiana. Tungemsubiri afike kwenye ila."

Watu wakaangua kicheko, uso ukamwiva kwa aibu. Ila Dokta Meshack, mkuu wa chumba cha dharura, hakucheka. Akaagiza kwamba anayepokea wagonjwa asalimie, kisha anyamaze na kumtazama mtu usoni.

Foleni ilinung'unika. Jenifa, muuguzi mgeni aliyetoka Mwanza, alinung'unika kuliko foleni.

"Dada Fortunata, hiyo ila tutaisubiri mpaka lini?"

Asubuhi moja ya baridi kali, Fortunata alikuwa nyuma ya pazia, amekandamiza paja la dereva wa bodaboda lililokuwa likivuja damu. Akasikia sauti mapokezi. Mama yake mzazi! Ametoka Kate bila taarifa.

"Shikamoo bibi. Habari za nyumbani?" Jenifa aliuliza.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nzuri tu."

Kimya. Fortunata hakuweza kuachia lile paja. Na angeita, mama angesema amekuja kumsalimia tu; Fortunata alimjua mama yake. Akabaki na hofu yake, akiomba Mungu Jenifa asiwe na haraka.

"Nzuri kabisa," mama akaongeza. Jenifa bado kanyamaza. "Ila tangu alfajiri kifua kinabana, kama nimebebeshwa gunia la mahindi. Na mkono huu umekufa ganzi."

"Machela!" Jenifa akapiga kelele.

Ulikuwa moyo. Jioni, baada ya dawa kufanya kazi, Fortunata aliketi kando ya kitanda, akaushika ule mkono.

"Habari za sasa, mama?"

"Nzuri."

Fortunata akasubiri. Aliogopa kuliko asubuhi.

"Nzuri, nimesema," mama akamkaripia. "Hii haina ila."