Uokoaji, Mwaka wa Tatu

Wiki iliyopita klabu yetu ya kujitolea ilikutana Nyahanga, mjini Kahama, kupanga mkakati wa miaka mitano. Mama mmoja akaingia, vumbi hadi kwenye kope. Mumewe alikuwa amefukiwa na kifusi kwenye duara, shimo la dhahabu, huko upande wa Bugarama.

"Naombeni gari na watu wa kuchimba."

Mwenyekiti akavua miwani. "Pole sana, mama. Ila uokoaji tumeuweka mwaka wa tatu."

"Sasa nikamwambie asubiri?"

Mimi na mwenzangu mmoja tukainuka, tukampeleka.

Tulikuta wachimbaji wameshamtoa, wamemfunika turubai. Mama akakaa kando yake, akamshika mguu. Kisha akatugeukia.

"Mwabeja," akasema. "Asanteni kwa lifti."