Sindano Aliyoinyamazia

Miaka ile ya hamsini, aliyetaka mtungi usiovuja pale Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, alijua pa kwenda: kwa Adolphine, mke wa Casimir mvuvi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkaidi, asiyependa kubembelezwa, na mitungi yake ilifanana naye, mizito kidogo chini, haiyumbi ovyo. Watu walimwita Mama Florentine kwa jina la bintiye wa kwanza. Walisema mengi juu ya ukali wake, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba mtungi wake ulimpasukia njiani.

Kwao alikozaliwa, huko juu njia ya Kilembwe, mwanamke halalamiki maumivu. Mama yake alipomtoa mwiba mguuni alimuuliza kama inauma, na jibu lilikuwa moja tu: hapana. Mtoto aliyejibu vingine alichekwa mpaka jua likazama. Adolphine mwenyewe alijifungua watoto wanne akiwa ameng'ata pindo la kikwembe, kitenge alichojifunga, bila sauti, na wakunga walitoka nje wakimsifu. Sifa ile aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kwa hiyo vidole vyake vilipoanza kuuma, hakumwambia mtu. Asubuhi viligoma kabisa, vimekakamaa, havikunjiki wala havikunjuki. Akawa anaamka kabla ya wenzake, anachemsha maji na kuiloweka mikono humo, kisha anaisugua kwa mawese mpaka vidole vikubali kusogea. Kazi ya asubuhi aliihamishia mchana. Udongo alioukanda kwa vidole miaka yote, sasa aliukandamiza kwa viwiko. Kigunzi cha kuchorea urembo shingoni mwa mtungi alikibana kati ya viganja viwili na kukiviringisha hivyohivyo. Mitungi ilitoka, tena mizuri. Alijiambia kwamba maumivu yatachoka kabla yake.

Hayakuchoka. Viungo vilivimba, vidole viwili vikaanza kupinda, na siku moja mtungi mbichi ulimponyoka mbele ya wateja. Hapo ndipo Casimir alipomwongoza mpaka zahanati bila kusikiliza ubishi wake.

Muuguzi wa zahanati, Norbert, alikuwa mtu makini. Alivitazama vidole vile kwa muda, akamwambia afumbe macho, akachukua sindano.

"Inakuuma, mama?"

"Hapana," akasema Adolphine.

Norbert akachoma kidole cha pili, safari hii kwa nguvu zaidi, akauliza tena. Adolphine akajibu kwamba haina neno, aendelee tu. Aliona fahari. Alidhani muuguzi anapima moyo wake, na moyo alikuwa nao.

Alipofumbua macho alimkuta Norbert ananawa mikono polepole, hamtazami. Akaambiwa amsubiri daktari, ambaye angefika mvua zikikatika na barabara ya Uvira ikipitika. Kwa sasa asisafiri, na sahani yake iwe ya peke yake. Neno lenyewe halikutajwa, wala halikuhitaji kutajwa. Vidole vilivyopinda, kwa kila mtu, huo ni ukoma; na Norbert alikuwa na zaidi, vidole visivyosikia sindano. Na mwenye ukoma alipelekwa kambini, mbali, akakaa huko miaka. Mtoto wa mwisho wa Adolphine alikuwa bado ananyonya.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kama zimeapa kutokatika. Habari ilienea, hakuna aliyejua kupitia kwa nani. Félicité, jirani aliyekuwa akiazima chumvi kila kukicha, aliurudisha mtungi aliouchukua, akauacha nje ya ua na kuondoka bila kubisha hodi. Wengine waliacha tu kuja. Adolphine aliendelea kufinyanga. Kama hakuna mnunuzi, mitungi ingekaa ukutani ikimsubiri mnunuzi, lakini yeye hangekaa. Daktari asikukute umelala kitandani, ndivyo alivyojisemea, akukute na udongo mikononi aone kwamba mikono hii ingali na kazi. Kila asubuhi maji ya moto, kila mchana viwiko. Alikuwa na hofu, hofu kubwa ya kutenganishwa na watoto wake, na akaikanda hofu hiyo pamoja na udongo.

Casimir alikataa sahani ya pili. Alikula na mkewe sahani moja kama zamani, dagaa na ugali, na mtu akimuuliza alijibu kwamba hajui kula namna nyingine. Jioni moja alimtazama akihangaika kuokota tonge.

"Mama Florentine, niambie kweli. Iko inakuuma?"

"Hapana."

"Kila siku hapana," akasema Casimir. "Miaka yote tumeoana, mi sijue ni wakati gani uko muzima, ni wakati gani uko mugonjwa. Unanifungia mulango."

Adolphine akaendelea kuhangaika na tonge lake. Maneno yale yalimchoma kuliko alivyotaka, lakini alilala nayo kimya, kama alivyolala na mengine yote.

Hatimaye barabara ilikauka na daktari akaja. Wagonjwa walijaa kwenye baraza la zahanati. Adolphine alijikuta ameketi karibu na mzee mmoja, Isidore, ambaye watu walimwachia nafasi pana pande zote mbili. Yeye pia walimwachia, basi nafasi hiyo wakawa nayo wawili. Mzee alikuwa anavuta tumbaku aliyoisokota mwenyewe. Adolphine akasikia harufu ya ngozi inayoungua. Akatazama: moto ulikuwa umefika kwenye vidole vya mzee, na mzee anaongea tu habari za mihogo.

Akamwambia kwamba anaungua. Isidore alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine, akautupa msokoto.

"Ni hii bukoma," akasema. "Inakula mikono, na mi sisikie kitu. Mama, kama ingekuwa inauma, ningefurahi. Ningejua mikono ni yangu bado."

Adolphine alibaki amekodoa macho. Mikono yake mwenyewe ilikuwa inamuuma pale alipoketi, tangu alfajiri, kila kiungo. Sasa alielewa sindano ile ilikuwa inauliza nini, na yeye alikuwa ameijibu nini. Alijionea hasira ambayo hajawahi kumwonea mtu.

Alipoitwa ndani, daktari, Mzungu mzee mwenye miwani, alimfumbisha macho. Norbert alisimama kando kutafsiri. Sindano ikaingia kwenye kidole cha shahada.

"Inakuuma, mama?"

Ungedhani ni jambo rahisi. Lakini taya zilikuwa zimekwisha kujifunga zenyewe, na mbele ya macho yaliyofumbwa alimwona mama yake na mwiba, na wakunga wakitoka nje wakisifu. Neno la zamani lilikuwa tayari ulimini. Alilimeza. Kuzaa hakukuwa kugumu hivyo.

"Inauma," akasema. Kisha hakuweza tena kujizuia, machozi yakamwagika. "Iko inaniuma sana. Iko inaniuma kila siku. Asubuhi siwezi hata kufunga kikwembe. Na siku ile, Norbert, iliniuma. Nilikudanganya."

Nje kwenye baraza, Casimir alimsikia mkewe akilia kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akasimama.

Daktari alichoma vidole vyote, na vyote vilijibu. Akaikagua ngozi, hakuona baka la ukoma. Akabonyeza kiungo kimoja kimoja, akauliza habari za asubuhi na za maji ya moto. Mwisho alisema ni rumatisme, ugonjwa wa viungo. Norbert alieleza, sauti yake imekuwa nyepesi: haumwambukizi mtu, hakuna wa kumpeleka kokote. Lakini hautaisha. Vidonge vitapunguza tu, na vidole vitazidi kupinda. Adolphine aliitikia kila neno kwa kichwa, akitabasamu kama mtu anayepewa zawadi, mpaka daktari akamwomba Norbert ahakikishe kwamba mama ameelewa.

Alikuwa ameelewa. Nyumbani alipita kwenye mitungi iliyojaa ukutani, akaketi mahali pake, akakunja kikwembe hadi juu ya magoti. Casimir alisimama karibu naye, hajui aulize au asiulize. Akauliza.

"Inauma?"

"Inauma," akasema Adolphine. "Nisogezee ule udongo."